Sapatu za Wanaanga

Detlef, zima redio. Wiebke, kaa hapa kitandani, usimnunie kaka yako. Nisikilizeni wote wawili, maana pumzi niliyobaki nayo sitaki kuipoteza kwa kuwaamulia ugomvi.

Nyumba mmekwisha kukubaliana, na bustani ni ya Wiebke. Kilichobaki ni sinema yangu, ile ya safari ya anga niliyoipiga hapa Kassel nikiwa kijana. Kampuni inataka kuionyesha upya, ila kwanza iwafutie wanaanga sapatu zao, vile viatu laini vya ndani ya nyumba, kwa kompyuta na kuwavika mabuti. Detlef unasema, "Mama, bila mabuti watu watacheka." Mwanangu, walicheka tangu siku ya kwanza.

Hatukuwa na studio. Bibi Plischke, mjane wa ghorofa ya pili katika jengo letu, ndiye aliyetupa sebule yake iwe chombo cha anga, akatupikia na supu ya dengu. Lakini asubuhi ya kuanza kazi alikuwa ameipaka sakafu nta, akasimama mlangoni na kikapu cha sapatu za wageni.

"Mwezini mtakwenda, lakini viatu vibaki nje."

Jochen, mwigizaji wetu, akajitutumua: "Mama, mimi ni nahodha!"

"Unahodha wako kwenu. Hapa vua."

Akavua. Wote wakavua, na mimi nikawapiga picha hivyo hivyo, kwa kuwa sebule ile ndiyo pekee tuliyofunguliwa.

Magazeti yakatuchana. Mwandishi mmoja aliandika kwamba wanaanga wangu wametoka kitandani wakasahau kuvaa. Mwingine, msomi, akajaza nusu ukurasa kueleza kuwa sapatu zile ni Ujerumani yetu, inayojifungia ndani isiulizwe ilifanya nini vitani. Nilimsoma mara mbili nikajiuliza kama kweli nina akili kiasi hicho.

Jioni ya onyesho la kwanza Bibi Plischke alikaa kando yangu, amevaa koti lake la kanisani. Ukumbi ulipoangua kicheko, aliushika mkono wangu akanong'ona, "Binti, nimekuharibia kazi." Kisha taa zikawashwa, mwandishi mmoja akasimama akauliza sapatu zile ni kosa la nani. Nikajibu, "Si kosa. Nilizitaka mimi." Bibi hakuuachia mkono wangu mpaka tulipofika kituo cha tramu.

Basi, Detlef, mkataba wao wa mabuti usiutie saini. Wakikubali kuionyesha na sapatu, wape. Wasipokubali, ikae kabatini. Wiebke, nawe usimwite kaka yako mchuuzi tena. Anataka jina langu lisichekwe, na huo nao ni upendo. Wanaocheka msiwakasirikie, wamekuja kutazama. Na msomi akiwauliza maana ya sapatu, mwambieni kulikuwa na mama mmoja aliyetufungulia mlango wengine walipotufungia.

Nipe maji... kidogo tu. Ahsante.

Mungu awape watu wa kuwafungulia, wanangu. Na ninyi muwafungulie... muwafungulie wenzenu. Wiebke, usilie, sisikii vizuri ukilia. Detlef, sogea. Mpe dada yako mkono. Siyo hivyo kama unamsalimu karani... mshike. Ndiyo. Sasa msiachane... mpaka nilale.