Mkono Uliochimba Kaburi

Zima hiyo redio, Joash. Huyo bwana anatangaza vita tangu asubuhi kwa sauti ya mtu aliyeshiba, na pumzi niliyobaki nayo sitaki kuigawana naye. Daphine, mayi, binti yangu, niinue kidogo. Sikilizeni, wanangu, maana wa kunisikiliza mmebaki ninyi wawili.

Shamba la Nakaloke ligaweni katikati, nusu ya Daphine ianzie upande wa kisima, na mjomba yeyote atakayeleta domo kwamba mwanamke harithi, mwambieni aje aniulize nilikolala. Digrii yangu ya historia, iliyozeeka ukutani bila kunipatia hata kiti cha karani, nizikeni nayo. Labda huko chini wanaajiri. Kazi pekee niliyopata haikuwa na mshahara: kuwapaka vijana kimea cha wimbi wanapokwenda kusimama mbele ya kisu cha tohara, kama baba yangu alivyowapaka. Kuanzia leo, Joash, kazi hiyo ni yako.

Ndiyo maana mheshimiwa mbunge anakupigia simu. Kuta za hapa Walukuba ni nyembamba, nami naumwa kifua, siyo masikio. Jumamosi anataka uwapake kimea makuruta pale uwanjani Mbale, mbele ya kamera, kabla hawajapakiwa kwenye malori kwenda kufa ng'ambo ya mpaka, nawe akupe kazi ofisini. Alianza kwangu. Akaniambia, "Mzee, kijana aliyesimama mbele ya kisu ataogopaje risasi?" Nikamjibu: ssebo, bwana wangu, mwenye kisu hurudi siku ya tatu akamwosha kijana mikono na kumwambia sasa wewe ni mtu mzima, baada ya risasi hurudi nani? Na wanao walioko Ulaya, watapanda lori lipi? Jeshi lilivuka kwanza, bunge likaitwa baadaye kupiga makofi, naye alipiga kuliko wote. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Tangu siku ile chungu changu cha malwa, pombe yetu ya wimbi, kina mrija mmoja. Zamani mliwaona wazee wamekizunguka, mirija imesimama kama mabua, tunacheka hadi mama yenu anatufukuza. Walipoambiwa napinga serikali, huyu akapata homa, yule akapata safari, na Romano, aliyetahiriwa siku moja nami, akapanda gari la mheshimiwa. Nikawa namimina maji ya moto mwenyewe, navuta mwenyewe, nasikia mrija ukikoroma. Malwa ya mtu mmoja hayaleweshi, wanangu. Yanakaa kifuani tu. Romano akija mazishini msimtukane. Mpeni mrija.

Joash, usiniangalie hivyo. Njaa ya aliyesoma naijua kuliko wewe, na najua pia kwamba ukimkatalia mheshimiwa usoni, watu wake wana namna yao ya kumnyamazisha kijana. Kwa hiyo nimekutafutia mlango. Nyumba yetu ina mwiko, na hata yeye anaujua: mkono uliochimba kaburi haugusi kimea mpaka mwaka ugeuke. Daktari aliniahidi wiki nzima. Sitaihitaji yote.

Maji... kidogo. Basi.

Nikitulia, nipitisheni barabara ya Tirinyi hadi shambani Nakaloke siku hiyohiyo, msingoje wasemaji, na kipaza sauti asishike mtu wa chama chochote. Kaburi usimwachie jirani, Joash. Shika jembe mwenyewe, mchana, mbele za watu, udongo ukujae kiganjani, na akipiga simu mwambie ukweli: uko msibani, mkono umefungwa. Hata yeye hawezi kubishana na maiti. Ukipenda kumpelekea kimea baada ya hapo, nitakuwa nimekwisha kusema yangu.

Leteni vichwa vyenu hapa, mkono hauinuki. Mungu awape chungu chenye mirija mingi. Awape watoto mtakaowaosha mikono siku ya tatu. Mulembe, amani iwe nanyi, wanangu... mulembe.

Daphine, leo umesema ni Jumatano?

Basi nitawahi.