Neno Alilolisubiri kwa Dada Yake

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza mzee wetu, familia inawasomea maisha yake kama tunavyoyafahamu, na pale tusipofahamu tumemwuliza mama, mjane wake, ambaye ametuelekeza tusiache jambo hata kama ni gumu kulisema.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1952, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba fundi saa na mama mshonaji, katika nyumba ambayo jiko na sebule vilitenganishwa na ukuta wa mbao usiofika darini. Alianza shule ya msingi mwaka 1960, akaingia sekondari mwaka 1967, na huko Kiingereza cha vitabuni kikamtoa jasho, kwani maneno madogo aliyajua lakini yale mazito yalimpiga chenga, ndipo dada yake, aliyemtangulia kwa madarasa mawili, akajitwika kazi ya kumfundisha.

Kila jioni dada akiosha vyombo jikoni alirusha neno juu ya ukuta, naye sebuleni alirudisha maana, na kanuni yao ilikuwa kwamba aliyeshindwa hafungui kamusi, husubiri aambiwe na yule aliyeuliza. Kwa njia hiyo alijua kwamba "reticent" ni mtu asiyetoa ya moyoni kirahisi, na "solace" ni kile kinachompoza mwenye huzuni, na alipokosea dada alicheka hadi sufuria zikagongana, akisema, "Mdogo wangu, kichwa chako gunia lililotoboka, naweka huku linatokea kule!"

Jioni ya tarehe 9 Agosti 1968 dada alirusha neno "perfunctory", marehemu akakwama, akaomba aambiwe, naye dada akajibu kwamba kichwa kinamgonga, "Nitakuambia kesho, we lala nalo tu." Asubuhi alipelekwa hospitali akiwa hajitambui, na tarehe 11 akafariki kwa homa ya uti wa mgongo.

Marehemu hakulitafuta neno lile kwenye kamusi, wala hakuruhusu mtu amfafanulie, kwa kuwa, kama alivyomwambia mama yake, dada alikuwa ameahidi, na siku atakapoambiwa na mwingine ndiyo siku dada atakapokosa sababu ya kurudi. Mama yake alimwacha, akidhani ni majonzi yatakayopoa, lakini alianza kupika uani, kwa sababu hakuweza kumtazama kijana wake akikaa sebuleni kila jioni amegeuzia sikio jikoni.

Alimaliza sekondari mwaka 1970, na tarehe 17 Januari 1972 akaajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kama msomaji wa prufu, mkagua makosa ya kurasa kabla hazijachapwa, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2012. Wenzake walimwita Bwana Msamiati, na walimlindia neno lake, kwani msaidizi wake alipitia kurasa za Kiingereza kwanza, na likitokea alimwambia, "Mzee, jirani yako kafika, toka nje," naye alitoka akasimama kwenye bomba la maji mpaka ukurasa umepita. Walicheka wote, na yeye pia alicheka, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumtania kwa kumtajia maana.

Tarehe 16 Desemba 1978 alifunga ndoa na mama, mwalimu wa Kiingereza, akamwambia kwamba nyumba yote ni yake ila neno moja, na mama akamjibu, "Wenzangu wanakatazwa kupekua mifuko ya suruali, mimi nakatazwa neno!" Kicheko hicho hakikudumu, kwani jioni za mwanzo za ndoa yao, mama akiwa amekaa karibu naye na jiko halina mtu, alimsikia akiitika, "Naam, dada, rudia," na alipomwuliza anaongea na nani alijibu kwamba alidhani ameitwa. Walijaliwa watoto watatu, waliozaliwa mwaka 1980, 1983 na 1988, na wote walifundishwa maneno kwa ukuta katikati, ingawa binti wa mwisho aliomba afundishwe uso kwa uso, akisema kwamba baba akiuliza, huku upande wake wanajibu wawili, ilhali yuko peke yake.

Mama alijua maana ya neno lile tangu shuleni, akaishi nayo mdomoni miaka yote ya ndoa, na kilichomtisha ni udogo wake, kwani maana yake ni kufanya jambo juujuu tu, ili mradi limefanyika, na aliogopa kwamba mumewe akilijua ataona amesubiri umri mzima kwa ajili ya kitu kisicho na uzito.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, na tarehe 29 Januari 2024 alilazwa, akawa anazitaja maana bila mtu kumwuliza, anatega sikio, anatikisa kichwa, anataja nyingine, hata wauguzi wakaacha kuuliza anamjibu nani. Asubuhi ya tarehe 9 Februari alimshika mama mkono akamwambia, "Mke wangu, ameniambia. Ni kusimama mlangoni kwa mtu bila kuingia." Mama, aliyewakata alama wanafunzi wengi kwa makosa madogo kuliko hilo, alimtazama, akamwambia, "Ndiyo, mume wangu, umepata," na marehemu akafumba macho, akafariki kabla ya saa sita mchana, akiwa na umri wa miaka sabini na moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliolala nasi tangu msiba ulipoingia, na wenzake wa kiwandani waliobeba jeneza leo. Ombi la mama ni moja, kwamba anayejua Kiingereza asimsahihishe marehemu mbele yake, kwani maana aliyoondoka nayo ndiyo itakayotumika katika nyumba hii, na tangu Ijumaa mama hupika akiwa ameacha mlango wa jikoni wazi.

Mzee wetu, umeshajibiwa, sasa pumzika kwa amani.