Hedwiga Kapinga, Mama Mfini wa Vyombo Visivyo na Nakshi (1953–2025)

Ndugu waombolezaji, marehemu Hedwiga Kapinga alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953 kijijini Tingi, binti wa mzee Cuthbert na mama Vitalia, mfinyanzi. Anayewasomea ni mimi Clemence, mtoto wa kaka yake, Bernadi. Kwangu alikuwa shangazi, na shangazi huyu alikuwa mbishi, Mungu amrehemu.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Tingi, akamaliza darasa la saba mwaka 1967. Kisha akajifunza udongo kwa mama yake.

Tarehe 6 Julai 1974 alifunga ndoa na Ambokile, bwana afya aliyehamishiwa huku kutoka Kyela. Ndugu walinung'unika kwamba ni mtu wa kuja. Aliwajibu kuwa hata udongo mzuri huletwa na maji kutoka mbali, na harusi ikafanyika.

Mwaka 1984 alikutana Mbamba Bay na muuguzi mgeni, Irma.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Mimi Mfini."

"Hata mimi mfinyanzi!" Shangazi alidhani neno limemshinda mzungu, amelikata katikati. Akamvuta mkono hadi kwake kumwonyesha vyungu. Irma alicheka sana alipoelewa, na wiki iliyofuata akamletea vyombo alivyokuja navyo kutoka kwao Ufini, vya mama yake, vya aina iliyoanza kuuzwa mwaka uleule aliozaliwa shangazi. Vilikuwa vya rangi moja, havina hata ua. Bakuli liliingia ndani ya bakuli, na kifuniko kikigeuzwa kilikuwa sahani. Irma alieleza kwamba baada ya vita nyumba za kwao zilikuwa finyu, hivyo kila chombo kilipaswa kufanya kazi zaidi ya moja, na kikivunjika unanunua hichohicho tu, si seti nzima.

Shangazi hakulala. Alitaka vyombo vya namna hiyo kwa udongo wetu. Wanawake wenzake walimcheka: chungu bila nakshi ni harusi bila ngoma! Akawajibu, "Nakshi hailiwi." Lakini vitako bapa vilipasuka motoni kila alipochoma, na vicheko vikazidi.

Mwaka 1986 bibi Vitalia alifariki. Kwa desturi ya ukoo wetu, mfinyanzi akizikwa vyombo vyake huvunjwa juu ya kaburi. Havikubaki hata kimoja, na shangazi aliumia mno. Aliomba vigae, akavisaga, akachanganya na udongo mpya. Safari hiyo vitako havikupasuka. Tangu hapo vyombo vyake vikaitwa vya Mfini, naye Mama Mfini, hadi minadani Mbinga.

Mwaka 2023 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Akafinyanga kwa wa kushoto, huku akimfokea binti yake Zita awe mkono wa pili. Mwezi Machi mwaka huu, akiwa amelazwa hospitali ya Litembo, alimwita baba yangu, mkuu wa ukoo, akamwambia, "Kaka, vyangu msivivunje. Chombo ni cha kulia chakula." Baba alikataa: mila ni mila. Walibishana hadi wauguzi wakawanyamazisha. Alifariki hospitalini hapo tarehe 9 Mei 2025, ombi lake likiwa bado halijakubaliwa.

Jana kikao cha ukoo kilikaa. Baba alishika bakuli la dada yake, akaligeuza, akaligongagonga kwa kidole, na sote tukajua anatafuta pa kulipigia. Kisha akasema, "Humu ndani yumo mama. Nikilivunja, nitakuwa nimemzika mara mbili." Akampa Zita.

Marehemu ameacha mume, Ambokile, watoto wawili, Zita na Glorious, wajukuu saba, na kaka, Bernadi, ambaye leo hana wa kubishana naye.

Tukitoka makaburini mtapewa chakula katika vyombo vyake. Mkimaliza, tafadhali mvipange kimoja ndani ya kingine, kama alivyotaka. Kikivunjika, vigae apewe Zita.

Lala kwa amani ya Bwana, Mama Mfini. Vyombo vyako viko kazini.