Nani Anakukagua Mgongo?

Benchi letu liko nje ya duka la chambo, kando ya Mto Connecticut. Mwezi wa Juni kahawa hunywewa hapo kabla umande haujakauka. Tuko watatu: mimi, Wendell, tunayemwita Jaji kwa sababu hukata kesi kabla ya kuisikiliza, na Orrin Kulungu, mwindaji, mseja, ambaye asubuhi hiyo alikuja akichechemea, goti limevimba, mwili una homa.

Jaji akasema ni kupe. Orrin akabisha: ni unyevu wa mto. Angekuwa kupe, yeye Orrin angemwona na kumchoma kwa kiberiti.

— Dawa ya moto ni moto, akasema.

— Kupe ana moto gani, Kulungu? Utachoma ngozi yako, yeye akutapikie sumu yote ndani.

Hata kama ni kupe, Orrin akasema, kosa ni la panya: miti ya mwaloni ikizaa sana panya hunenepa, na panya ndio wanaowapa kupe ugonjwa. Jaji akasema hapana, kupe walitoroka maabara ya serikali kisiwani wamepanda bata, mmoja mmoja, kwani haba na haba hujaza kibaba.

Mimi humstaajabia kupe. Mdogo kama mbegu ya mchicha, hana macho, lakini hupanda ncha ya unyasi, akanyoosha miguu ya mbele, akafunga mpaka riziki yake ipite. Mungu amempa subira ninayomwomba mimi tangu nimzike mke wangu Hester.

Delphine, aliyehamia juzi kuoka mikate jirani, alikuwa amesimama akisikiliza.

— Samahani, wazee wangu. Jioni mkitoka porini, nani anawakagua mgongo?

Jaji akatazama kikombe. Mkewe yuko Florida kwa dada yake tangu majira ya baridi. Orrin hajapata kuwa na mtu. Mimi nilikuwa naye. Kila jioni Hester alinisimamisha dirishani, akapitisha vidole taratibu kama asomaye zaburi, kibano mkononi, na hakulala kabla hajamaliza.



Nikaweka kahawa chini.

— Orrin, inua shati.

— Mbele za watu?

— Inua, ndugu yangu.

Chini ya bega palikuwa na duara jekundu, pana kama kisahani, jeupe katikati, alama ya kupe mwenye ugonjwa. Jaji hakutoa hukumu. Alikwenda kuwasha gari tumpeleke kwa daktari.

Orrin alishusha shati, akanishika mkono.

— Sasa wewe, akasema. Geuka.