Mzee Eliezer wa Lusumba, Kijiji Kilichokuwa na Watu

Marehemu Mzee Eliezer Wilondja alizaliwa tarehe 3 Mei 1948 katika kijiji cha Lusumba, milima ya Fizi, mashariki mwa Kongo, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Asukulu na Mama Perpétue. Lusumba ilikuwa na watu wapatao mia tatu, kanisa la udongo, chemchemi moja na mashamba ya mihogo. Haikuwa na barabara. Mgonjwa alibebwa kwa kipoyi, machela ya mianzi, na wanaume waliopokezana mabega hadi zahanati ya bondeni, safari ya kutwa nzima.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, akiteremka mlima Jumatatu na kuupanda Jumamosi, kisha akajifunza useremala. Tarehe 12 Agosti 1972 alifunga ndoa na Bernardine. Alimpenda, alisema, kwa sababu ndiye msichana pekee aliyemwacha nyuma mlimani huku ana mzigo kichwani.

Mwaka 1980 wapimaji wa barabara walimwuliza karani wa shefu, mtawala wa eneo, kama kuna haja ya kupanda Lusumba. Karani huyo alikuwa ndugu yake Eliezer, mtoto wa baba yake mdogo, na alikuwa na duka ng'ambo ya mto. Akajibu, "Kule juu hakuna watu. Wanaishi nyani tu." Barabara ikapinda, ikaenda dukani kwake. Tarehe 9 Machi 1983 Bernardine alishikwa na uchungu, mtoto akiwa amelala vibaya. Alifia njiani, juu ya kipoyi, mumewe akiwa ameshika mbele. Mtoto naye hakupona. Karani yule ni Mzee Anicet, ambaye yuko nasi hapa leo.

Vita vilimtoa Eliezer Lusumba mwaka 1996. Alikaa kambi ya Nyarugusu, Tanzania, pamoja na binti yake Donatille, na mwezi wa Juni 2010 wakahamia Marekani, mji wa Saint Paul, Minnesota, mtaa wa Frogtown. Alifanya kazi katika kiwanda cha nyama, akanunua gari la viti vinane. Aliwapeleka watu kazini, kliniki, na kanisani Brooklyn Center. Hakumwacha mtu njiani, isipokuwa mmoja, aliyefika Minnesota mwaka 2013.

Jumapili moja ya Januari, Mzee Anicet alikuwa kituoni akingoja basi, theluji imemfika magotini. Eliezer alisimamisha gari, akateremsha kioo.

"Unakwenda wapi, mdogo wangu?"

"Nyumbani, kaka. Nisogeze tu, baridi inaniua."

"Nyumbani kwako? Kule hakuna watu. Wanaishi nyani tu."

Akapandisha kioo, akaondoka. Wajukuu waliokuwa nyuma walicheka. Mama yao, Donatille, alilia.

Mchungaji alimsihi asamehe. "Mbinguni nitamsamehe," alijibu. "Hapa duniani apande basi."

Figo zake zilianza kuharibika mwaka 2016. Tarehe 2 Februari 2018 alizidiwa, na ambulensi ikafika mlangoni kabla Donatille hajamaliza kumvisha soksi. Mzee aliitazama kwa hasira. "Moja tu," alisema. "Bernardine alihitaji moja tu." Hospitalini alitoa wosia: jeneza lake lisiingie makaburini kwa gari. Libebwe kwa mabega kutoka langoni hadi kaburini, Anicet ashike mbele, na mtu yeyote asimpokee mzigo. Alifariki tarehe 6 Februari, alfajiri.

Wazee wa kanisa wameiomba familia iuache wosia huo, kwa sababu ya barafu.

"Nitateleza," Mzee Anicet alisema mbele yao. "Nitaanguka."

"Na wao walianguka," Donatille alimjibu. "Waliinuka, wakaendelea kumbeba mama."

Familia haikuuacha.

Marehemu ameacha binti mmoja, Donatille. Wajukuu watatu, Gentille, Bonheur na Héritière. Na Lusumba, kijiji chenye watu.

Jeneza liko langoni. Mzee Anicet, njoo ushike mbele. Ukishamfikisha, apumzike kwa amani.