Ufunguo na Meza ya Koridoni

Mheshimiwa Mkurugenzi, makamanda mlioketi mbele, shemeji yetu mke wa Fundi, ndugu wafanyakazi wenzangu:

Nimepewa dakika tatu nimsifu mtu anayestaafu leo, ambaye kwa miaka ishirini na sita tulimweka nje ya mlango.

Fundi Waya, usiinamishe kichwa. Kanuni ya usalama inasema mfanyakazi aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka asiingie chumba cha mitambo. Fundi alivuka akiwa na miezi minane, mgongoni kwa mama yake, na bila shaka njia nzima alikuwa akikariri idadi ya askari wetu. Basi tukamwekea meza koridoni. Redio za jeshi zikiharibika, tulimtolea nje zimefunikwa kitambaa. Yeye anafunua, anatengeneza, anafunika, nasi tunazirudisha ndani kwa siri kubwa. Siri gani, jamani, wakati kila waya uliomo ameuunga yeye?

Mimi, mkuu wa karakana, nimezaliwa mtaa wa pili kutoka hapa, kwa hiyo uaminifu wangu hauhitaji ushahidi. Ndiyo maana nilipewa ufunguo wa chumba kile. Nikausahau kwa kinyozi. Nani aliuokota? Fundi alikaa nao kuanzia Jumamosi hadi Jumatatu, akaniletea umefungwa kwenye leso. "Mkuu," akaniambia, "siku nyingine ukinyolewa, ondoka nao." Hakumwambia mtu. Niliona aibu, Mheshimiwa, na bado ninayo.

Maana kila mwaka niliandika barua ya kumwombea ruhusa, na kila mwaka niliiacha kwenye droo. Niliogopa kuulizwa bibi yangu alizaliwa wapi.

Juzi nimeisoma kanuni hadi mwisho. Mgeni mwalikwa huingia chumba kile akisindikizwa, wala haulizwi alikozaliwa. Na tangu saa sita mchana leo, Fundi si mfanyakazi tena. Ni mgeni wetu.

Mheshimiwa, Jumatatu anaanza fundi mpya, binti hodari, naye kazaliwa ng'ambo. Meza ile bado iko koridoni, na sitaki airithi. Safari hii barua haiko kwenye droo. Iko mbele yako, chini ya hiyo glasi ya maji.

Fundi, kitambulisho cha mgeni hiki hapa. Na ufunguo ushike wewe, mimi mnanijua.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia. Sasa mtuwie radhi, tunakwenda kufungua mlango.