Timu Niliyonyang'anywa na Mwanangu

Sogeeni hapa kitandani, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mulangoni. Kahindo, kaa upande huu, wewe ndiwe mukubwa. Katungu, funga dirisha, vumbi la barabara linanikaba. Na wewe Jephté, usisimame kwenye kizingiti kama mugeni aliyekosea nyumba. Ingia, ukae, kwa sababu mengi ya leo ni yako. Mama yenu amekwenda misa, nami nimengoja atoke. Nikianza kusema, musinikatize, pumzi niliyo nayo ni ya safari moja.

Nianze na vitu, kwa kuwa vitu havina maneno mengi. Parsele hii ya Mabanga, nyumba na ardhi yake, ni ya mama yenu Joviale mpaka siku atakayonifuata, na mutu asilete mununuzi hapa wakati yeye anapumua. Baadaye itakuwa yenu watatu. Shamba la kahawa la Butembo ni la Katungu, kwani ndiye peke yake aliyekwenda kuvuna nami bila kuitwa mara mbili. Lakini musinipeleke kuzikwa kule. Najua wazee wa ukoo watasema maneno, waacheni waseme. Barabara ile siku hizi si ya kupita na maiti. Munizike hapa Goma, hata kama wachimbaji wa kaburi watalalamika juu ya mawe ya volkano.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Miaka kumi na moja nilifundisha timu ya mupira ya chuo. Mwaka wa kwanza tulipigwa na kila timu iliyokubali kucheza nasi, na siku moja tulifungwa tano mbele ya wanafunzi wote, wakaniimbia nyimbo za aibu mpaka nje ya kiwanja. Niliandika barua ya kuacha kazi. Mukurugenzi wa wakati ule, marehemu Habarurema, aliichana mbele ya macho yangu, akaniambia, "Adalbert, mwaka huu ulikuwa ungali unajifunza majina yao. Rudi kiwanjani." Nikarudi. Mwaka wa pili hatukushinda sana, ila hakuna tena aliyetufunga tano. Mwaka wa tatu tulichukua kombe la vyuo vya muji muzima, na Habarurema akacheza ngoma na koti lake la kazi. Nasema haya mujue kwamba mimi nilingojewa, na sikuwahi kusahau.

Wewe Jephté ulikuwa beki wa kushoto katika timu ile ya kombe. Ulipomaliza masomo nikakuweka kwenye benchi uwe musaidizi wangu. Komite ya timu ilipiga kelele kwamba ninajaza timu na watu wa nyumbani kwangu, nikawaambia kama wewe huingii, mimi pia ninatoka. Hukuambiwa hayo. Leo unayasikia.

Ukaja ule mwaka wa kambi. Watano katika vijana wetu walikuwa wanalala na wazazi wao ndani ya mahema ya wakimbizi wa vita kule Kanyaruchinya, wanashuka kwa miguu mpaka kiwanjani, tumbo tupu, na baada ya mazoezi wanapanda tena. Niyitegeka, namba kumi yetu, bomu likamuua kambini mbele ya hema la mama yake. Nani angeshinda mechi mwaka ule? Tulipoteza nane mufululizo. Bagalwa, prezida wa komite, alinishika mukono mbele ya watu akasema, "Muzee, tunaelewa. Musimu huu ni wako mpaka mwisho." Nilimuamini.

Siku ya mechi ya nane, kwenye mapumziko, nilimuita Chance, mumoja wa wachezaji, kwa jina la Niyitegeka. Vijana wote wakadhani ni huzuni. Lakini wewe Jephté, tulipokuwa tunarudi nyumbani, nilikuambia ukweli wote: kwamba si huzuni peke yake, kwamba kuna asubuhi ninawatazama usoni na majina yananikimbia. Nililia mbele yako, mimi baba yako. Ukanishika bega, ukasema, "Papa, hilo litabaki kati yetu sisi wawili."

Jumanne iliyofuata nilikuwa na homa kidogo. Ukaniambia, "Papa, leo pumzika, nitasimamia mazoezi." Mama yenu akanichemshia tangawizi, nikalala nikimushukuru Mungu kwa mutoto kama wewe. Kumbe siku hiyo hapakuwa na mazoezi. Kulikuwa na mukutano wa komite, na ndani ya mukutano ule ulisimama ukasema baba yako anasahau majina, kichwa chake hakiko tena. Kama mama yenu alijua, sikumuuliza kamwe. Na ninyi ninawakataza, musimuulize.

Alhamisi nikaenda kiwanjani kama kawaida. Vijana walikuwa wamejipanga mistari, na hakuna aliyekimbia kunisalimia. Chance ndiye alinikaribia. "Kochi, hawajakuambia?" Nikamuuliza, "Kuniambia nini?" Nikainua macho nikakuona wewe katikati ya kiwanja. Uliniona, Jephté. Ukanigeuzia mugongo, ukapuliza filimbi, mazoezi yakaanza. Nikatembea mpaka hapa Mabanga, na njia nzima watu wananiita kochi, kochi, nami ninaitika.

Sisemi nilipaswa kubaki milele. Kocha anayesahau majina ya vijana wake lazima aache, hilo nalijua. Ungekuja chumbani humu ukaniambia, "Papa, inatosha," ningelia, ningekasirika, ningekunyima salamu wiki mbili, kisha ningeacha. Ulinikosesha nafasi ya kuacha mwenyewe. Hicho ndicho kilichonikata.

Kahindo, nipe maji. Kidogo tu... Asante, binti yangu.

Kisha vita vikaingia mujini, kambi zikavunjwa, mupira ukasimama. Ulipoanza tena, ukaanza na wewe Jephté, na nimesikia: mechi saba, sita umepoteza. Sasa sikia usichokijua. Jumatatu Bagalwa alikuja hapa, akakaa pale alipokaa Katungu, akatoa karatasi. Ilikuwa imekwisha kuandikwa kwamba mimi, kocha wa zamani wa timu, ninaona mwanangu hawezi kazi. "Muzee, sahihi yako moja inatosha," akaniambia. "Wanafunzi watanyamaza wakiona ni wewe umesema."

Nikaomba kalamu. Sitawadanganya wanangu nikiwa karibu na Mungu: nilifurahi. Tangu siku ile ya kiwanjani sikuwa nimefurahi hivyo. Kalamu ilikuwa tayari imegusa karatasi, nami nakuona wewe ukifika kwenye mazoezi na kumukuta mutu mwingine katikati.

Halafu nikamuuliza, "Vijana wanakuja mazoezini?"

Akasema, "Wanakuja."

"Wote? Hata baada ya kufungwa?"

"Wote, Muzee. Hata wale wa mbali."

Nikamurudishia kalamu yake. Nikamuambia amungoje Jephté musimu huu na ujao, na siku vijana watakapoacha kuja, hapo asinitafute mimi, amuambie mwenyewe, uso kwa uso. Nikamuongezea, "Wangu pia walikuja, Bagalwa. Kutoka Kanyaruchinya walikuja, kwa miguu. Hamukuniuliza swali hilo." Alitoka bila kuaga.

Usiniangalie hivyo, Jephté. Sikufanya kwa kukupenda. Nilifanya kwa ajili ya wale vijana, na kwa ajili ya Habarurema aliyenichania barua. Padri aliniuliza juzi kama nimekusamehe, nikamuambia ninajaribu, na kila nikifika karibu ninaona mugongo wako. Hapo ndipo nilipo. Sina uongo wa kukuachia.

Nimechoka. Sikilizeni maagizo. Kahindo, mama yako asilale peke yake chumba hiki mwezi wa kwanza. Katungu, usigombane na wajomba juu ya shamba, onyesha karatasi tu. Jeneza libebwe na wachezaji wa zamani, Chance awe mbele. Jephté, Jumamosi una mechi. Hata mukinizika siku hiyo hiyo, wewe uende kiwanjani. Usiwaache vijana wamesimama... wasijue kocha wao yuko wapi.

Sasa pigeni magoti. Kahindo, Mungu akupe nyumba yenye kicheko. Katungu, mikono yako isikose mavuno. Mukae pamoja, hata ikiwauma. Mukae pamoja.

Jephté, sogea. Karibu zaidi, mutoto wangu. Nilitaka... mukono hauinuki. Kahindo, uchukue wewe, umuwekee kichwani. Sijui kama ni nguvu zimeisha ao ni moyo. Umuwekee tu.